Mishale ya Padri Leonsi Mchangani

Vijana wangu wa idara ya hesabu,

Mmeniomba niandike kitu kuhusu miaka yangu ya kazi, na Mwalimu Riziki amenionya mapema nisiwaletee hotuba. Hotuba sina. Nina magoti yanayouma kwa kusimama mbele ya ubao, na bega la kulia ambalo haliinuki tena kupita sikio. Vyeo nitaviacha, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaambia jinsi nilivyoanza, nani alinifundisha, na habari ya nadharia moja ambayo mmeisikia nusu nusu kwenye chumba cha walimu, na nusu hiyo yenyewe imekosewa.

Nilianza kufundisha mwaka wa uhuru. Si kwamba nilikuwa tayari. Walimu wa Kibelgiji wa sekondari yetu ya misheni hapa Uvira waliondoka kwa haraka, mmoja akaacha kikombe cha kahawa kimejaa juu ya meza. Mkuu mpya wa shule alinipa sanduku la chaki, akanionyesha mlango wa darasa ambalo mwaka uliotangulia nilikuwa nimekaa ndani yake kama mwanafunzi. Nikaingia. Kwenye benchi la nyuma alikuwepo binamu yangu aliyenizidi umri. Nyumbani aliniita mdogo wangu, darasani akaniita Maître, yaani Mwalimu, kwa sauti ile ile ya dharau. Siku hiyo nilifundisha mstari na pembe, nikamaliza yote niliyoyajua kabla ya kengele. Muda uliobaki niliwaambia wanakili tena kwa mwandiko mzuri zaidi. Nimeona baadhi yenu mnafanya hivyo hivyo hadi leo. Siwalaumu.

Chaki zile ziliisha, na nyingine hazikuja. Tukajifunza kuandikia muhogo mkavu, ule uliokaushwa vizuri juani, kwa sababu ule wenye unyevu unateleza ubaoni na kuvutia panya. Ubao tuliupaka upya kwa weusi wa betri za redio zilizokufa, uliosagwa na kuchanganywa na majani. Bikari yangu ilikuwa kamba ya katani na msumari. Wanaodai kwamba hawawezi kufundisha duara bila vifaa wanaweza kuja nyumbani, kamba hiyo bado ninayo.

Mwaka huo huo alirudi Padri Leonsi. Alikuwa Mfuliiru, mtoto wa wakulima wa Nyakabere. Maaskofu walimpeleka Ulaya asome teolojia, akarudi na teolojia kiasi na hesabu nyingi mno. Tangu hapa hadi mbali sana hakukuwa na mtu wa kumuelewa. Yeye alihitaji msikilizaji, mimi nilihitaji mtu wa kunifundisha somo la kesho, basi tukabadilishana. Kila alasiri, baada ya madarasa, tuliteremka ziwani. Kwa kuwa chaki ilikuwa adimu, alichora kwa fimbo kwenye mchanga ulioloa, mishale mirefu kama mtumbwi, na mwanzoni na mwishoni mwa kila mshale aliweka herufi, G na H. Akikosea, alingoja wimbi lifute. Ukurasa ukijaa tulisogea hatua chache kuelekea bandari ya Kalundu na kuanza mwingine. Sijawahi kuwa na ubao mzuri kuliko ule.

Najua karani wa idara ataisoma barua hii kabla yenu, kwa hiyo naeleza kwa wepesi. Kundi ni mkusanyiko wa vitendo vinavyoweza kufuatana na kutenduliwa: geuza, geuza tena, rudisha. Kundi likiwa na topolojia, tunajua pia kipi kiko karibu na kipi, na sisi tulishughulikia yale tu ambayo ndani yake nukta mbili tofauti zinaweza kutenganishwa. Mshale unatoka G unaingia H bila kuvuruga mfuatano wala ukaribu. Si lazima ufike kila mahali. Pale unapofika ndiyo taswira yake. Taswira ikiwa imeenea kama ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa ufukweni, kiasi kwamba popote utakapoweka kiganja utagusa mmoja, tunasema imesongamana.

Sasa chukua mishale mingine miwili inayotoka H kwenda kwingine. Tuseme inakubaliana popote ule mshale wetu wa kwanza ulipofika. Je, ni lazima ikubaliane kila mahali? Kama ni lazima siku zote, kwa mishale yoyote miwili, basi ule wa kwanza unaitwa epimofismu. Padri aliuita mshale shahidi, na mimi nimezoea jina hilo. Kwamba taswira iliyosongamana inatosha kuufanya mshale uwe shahidi, hilo linathibitishwa kwa mistari michache. Padri alitaka kinyume chake: kwamba mshale shahidi hauna budi kusongamana. Yaani ukiacha hata kiganja kimoja cha mchanga bila ndagala, watapatikana wawili wanaokubaliana kote ulikofika na kuachana pale ambapo hukufika. Alikuwa na uthibitisho. Aliupenda kama mzee anavyompenda mtoto aliyemzaa akiwa na mvi, na alikuwa akiupanga vizuri ili aupeleke Ulaya.

Uasi ukafika Uvira kabla ya uthibitisho kuondoka. Ninyi mliozaliwa baadaye mmefundishwa tarehe, mimi ninakumbuka miwani. Watu walivua miwani barabarani, kwa sababu mtu wa kalamu alihesabiwa kuwa mtu wa serikali. Shule yetu iligeuzwa kambi. Ndege za serikali zilipita juu ya ziwa, na kila ilipopita moja, vijana wa uasi, wenye majani kichwani, waliuliza nani ameiita. Padri hakuacha kwenda ufukweni.

"Padri, acha kwenda ku maji," nilimwambia. "Batu banaangalia."

"Banaangalia nini? Iko muchanga tu."

"Iko mishale, Padri. Na ndege inapitaka juu yake."

"Basi isome. Itakuwa ya kwanza kusoma kazi yangu."

Alikuwa na mzaha wa aina hiyo, na ulinichosha. Walimkamata siku chache baadaye, fimbo mkononi.

Waliniita mimi kwa kuwa ilijulikana tulikuwa tunatembea pamoja. Nilimkuta kwenye darasa langu mwenyewe, amekaa sakafuni chini ya ubao, bila viatu. Kwenye meza ya mwalimu alikaa komanda wa waasi. Zamani alikuwa karani wa mizani ya pamba kule bondeni, mtu mwenye kucha safi na sauti ya chini. Pembeni walisimama wavuvi wawili ambao ndio waliopeleka habari. Niliwafahamu kwa sura tu, majina sikuyajua.

"Weye njo mwalimu ya hesabu?" komanda aliuliza.

"Njo minye, Komanda."

"Hawa babili banasema padri anaonyeshaka ndege njia na ile mishale. Yeye anasema iko masomo. Kama iko ya ndege, anakufa leo. Kama iko masomo, unifundishe. Minye nilisoma, usinidanganye."

Nilitazama ubao wangu wa weusi wa betri. Nilichukua kipande cha muhogo. Nasema ukweli, sikujua pa kuanzia mpaka nilipowaona tena wale wavuvi wawili. Nikachora mshale, G na H.

"Komanda, hawa babili banasema kitu kimoja?"

"Kitu kimoja. Padri anaendaka ku maji kila siku, nilituma batu, banaona ni kweli. Anachoraka mishale, kweli. Ndege ilipita, minye mwenyewe niliiona."

"Hapo njo ulifika. Na kwenye haukufika? Kwenye hakuna muntu wako alifika, hata karibu?"

Alifikiri. "Kama anasemaka na ndege. Ile sikuiona."

"Basi masomo ya padri njo hii. Kwenye haukufika hata karibu, iko batu babili benye banaweza kukubaliana kwingine kote, na pale banaachana. Kukubaliana kwao haitoshe."

"Juu ya nini?" aliuliza, akitaka sababu.

Swali zuri. Nimekuwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao hawakuwahi kuliuliza. Nikamwonyesha uthibitisho wa Padri. "Unachukua yote yenye ulifika, unaikunja inakuwa kitu kimoja, tuite sifuri. Muntu wa kwanza anahesabu kile chenye kinabakia kisha kukunja. Wa pili anasema kila kitu iko sifuri. Kwenye ulifika, wote babili banasema sifuri. Kwenye haukufika, banaachana."

Alitikisa kichwa polepole kukubali. Alikuwa anaelewa, na mimi hapo hapo, mkono ukiwa bado juu, nikaona shimo.

Kukunja kunawezekana vizuri kama mfuatano wa vitendo haubadilishi jibu, kama kujumlisha: moja na mbili, mbili na moja. Lakini makundi mengi si hivyo. Sukuma mtumbwi kisha panda, utafika unakokwenda. Panda kisha sukuma, utabaki pale pale unachekwa. Katika makundi ya namna hiyo, ukikunja kutoka kushoto si sawa na kukunja kutoka kulia, na kinachobaki baada ya kukunja mara nyingi si kundi tena. Padri alikuwa ameuthibitisha upande rahisi kwa uangalifu mkubwa, na alipofika upande mgumu aliandika maneno mawili: vivyo hivyo. Nilikuwa nimeyapita maneno hayo mara nyingi pale mchangani bila kujikwaa. Sasa ilibidi niyaseme kwa sauti mbele ya mtu mwenye bunduki, na nikajikwaa.

Nilimtazama Padri. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Kama ningesita, komanda angejua tu kwamba mwalimu amekwama.

"Na kwa makundi yale ingine," nilisema, "vivyo hivyo."

Komanda aliinuka. Aliamuru mvuvi mmoja apelekwe barazani, mbali asisikie, kisha akamuuliza yule aliyebaki: ndege ilimjibuje padri? Akasema iliangusha kitambaa chekundu. Akaitwa wa pili. Yeye akasema ndege haikujibu kitu, bali mtumbwi ulitoka upande wa Burundi ukamchukua padri na kumrudisha. Komanda alirudia swali, na kila mmoja alishikilia lake, huku wakitazamana na kuanza kulia.

"Mwalimu," alisema, "hesabu yako iko ya kweli. Muchukue padri wako."

Wale wawili walitolewa kwa mlango wa nyuma. Mmoja, aliye mfupi zaidi, alinigeukia. Hakunitazama kwa chuki. Alinitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa somo ambalo hakufundishwa. Nilifurahi kwamba Padri ni mzima, na uso ule ulikuwa ndani ya furaha hiyo.

Njiani kupanda misheni sikungoja. Nilimwambia, "Padri, ile vivyo hivyo haisimame." Alisimama katikati ya barabara. Nikamweleza ya kushoto na kulia. Alichuchumaa, akachora vumbini kwa kidole, akafuta, akachora tena, watu wakitupita na mizigo vichwani. Mtu huyu alikuwa amekaa chini ya bunduki akiangalia vidole vyake bila kutetemeka, na sasa akafunika uso akalia.

"Uliona pale mbele yake?" aliniuliza mwishoni.

"Niliona pale pale."

"Na ulisema tu?"

"Ningefanya nini, Padri?"

Alinishika mkono, akainuka, tukaendelea kupanda. Wiki hiyo alivuka kwenda Burundi kwa mtumbwi, kwa hiyo yule mvuvi wa pili alikuwa amekosea wakati tu. Mimi nilipanda milimani Mulenge, nikafundisha watoto wa wafugaji kujumlisha na kutoa. Huko hakuna aliyehitaji mfano wa kubuni, ng'ombe walikuwepo, na kila mtoto alikuwa akiwajua mmoja mmoja kwa jina.

Vita vilipoisha tulirudi wote wawili, mimi kwenye ubao, yeye kwenye parokia ya Katogota. Tangu hapo, kila likizo nilikwenda kwake, na kila likizo alikuwa na njia mpya ya kuziba lile shimo. Aliziba kwa makundi yale yaliyobanwa, yasiyo na pa kukimbilia, na kazi hiyo ilikuwa nzuri. Yaliyobaki yalimkataa. Alizeeka juu ya jambo hilo. Misa, mahindi, ubatizo, na katikati ya hayo mishale. Alikuwa na kibao kidogo kando ya kitanda, na mshale ulikuwa juu yake kila nilipofika, G na H, kama mgeni aliyeingia akakataa kuondoka. Mara nyingi nilijuta kumwambia. Kisha nilikumbuka kwamba angeliona mwenyewe, tena peke yake, na nikaacha kujuta hadi likizo iliyofuata.

Mimi niliendelea na kazi. Nilisahihisha, nikasimama, nikasahihisha. Kama kuna kitu kimoja ninachoweza kuwaachia, ni hiki: mwanafunzi akiandika "vivyo hivyo", weka kidole hapo na umwambie akusomee kwa sauti. Usikubali akuambie kwamba ni wazi. Na mkiandika ninyi, mfanyiane hivyo pia, bila kuoneana haya.

Mwaka wangu wa mwisho, Mwalimu Riziki alirudi kutoka masomoni akaniletea habari, naye hakujua uzito wake. Alidhani ananipa kitu cha kufurahia na chai. Kule mbali, mtu amelimaliza swali. Si kwa kuthibitisha. Amejenga kundi, kubwa na la ajabu, na ndani yake mshale ambao ni shahidi kamili, na bado taswira yake haijasongamana. Kuna mahali haufiki, hata karibu, na hata hivyo mishale yoyote miwili inayokubaliana kwake haina namna ya kuachana pale. Kwa hiyo nadharia ya Padri haikuwa na shimo la kuzibwa. Ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Niliomba chai nyingine, nikakaa.

Kesho yake nilipanda gari la kwenda Katogota. Padri alikuwa kitandani, macho yamekwisha kabisa. Nilimweleza polepole, nikirudia, nikichora kwa kidole kwenye kiganja chake. Aliniuliza maswali makali kama zamani. Kisha nilimwona akilegea mabega.

"Kwa hiyo nilikuwa natafuta kitu chenye hakiko."

"Ndiyo, Padri."

"Si kwamba nilishindwa."

"Haukushindwa. Hakuna muntu angeweza."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akaniambia nifute kibao. Nilikifuta kwa mkono wa shati, nikadhani mambo yameisha, nikaanza kutafuta kofia yangu.

"Na wale babili?" aliuliza.

Katika miaka yote ile hatukuwahi kuwataja wale wavuvi. Tulizungumza hesabu tu. Nilimwambia ninachojua. Yule mrefu, Sadiki, nilikuja kukutana naye Kalundu, anauza sabuni, akaniambia kwamba walikuwa na hofu. Vijana wa majani walikuwa wamewauliza wao kwanza nani anaita ndege, na mtu anayeulizwa hivyo lazima ataje mtu. Yeye aliponyoka njiani. Mwenzake hakurudi.

"Komanda alimuua juu ya hesabu yetu," Padri alisema.

"Baliachana kweli, Padri. Hiyo haikuwa hesabu."

"Najua. Lakini njo sisi tulimuonyesha pa kuangalia." Alipapasa shuka. "Kila siku ninasoma misa juu yao. Ninasema tu, wale babili. Yule mufupi, alikuwa na jina?"

"Byamungu."

Aliniomba niliandike kwenye kile kibao, kwa herufi kubwa, ijapokuwa hakuwa na macho ya kulisoma. Niliandika, bega likiuma, na muhogo ulikuwa mkavu vizuri. Kisha akanyoosha mkono, akapitisha kidole juu ya herufi moja moja, taratibu, kutoka kushoto hadi mwisho, asiache hata moja bila kuigusa.